Barua za Edward Thomas

Barua za Edward Thomas ni barua ambazo Edward Thomas (3 Machi 1878 – 9 Aprili 1917), mwandishi wa magazeti na mshairi wa Uingereza mwenye asili ya Wales, aliwaandikia mke wake, rafiki zake na washairi wenzake tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi alipouawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Barua nyingi zimehifadhiwa na kuchapishwa katika vitabu kadhaa. Zinathaminiwa hasa kwa sababu zinaonyesha, pengine karibu wiki kwa wiki, jinsi mtu aliyejiona kibarua wa kalamu alivyogeuka kuwa mshairi akiwa na umri wa miaka 36.

Mwandishi wa magazeti

Thomas alizaliwa Lambeth, London, akasoma historia katika chuo cha Lincoln, Oxford. Alimwoa Helen Noble mwaka 1899 akiwa bado mwanafunzi, na wakapata watoto 3. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali na alitaka kijana afuate njia hiyohiyo. Kijana akakataa, akaamua kuishi kwa kuandika. Tangu mwaka 1902 alikuwa mhakiki wa vitabu wa gazeti la Daily Chronicle, na baadaye aliandikia magazeti mengine. Inakadiriwa kwamba katika maisha yake aliandika uhakiki wa maneno zaidi ya milioni moja, juu ya vitabu vipatavyo 1,200. Pamoja na hayo aliandika vitabu vya nathari kuhusu mashamba, barabara na waandishi wa zamani, vingi vikiwa vya kuagizwa na wachapishaji.

Wahariri na washairi wa London waliyaheshimu maoni yake. Lakini barua zake zinaonyesha upande wa pili wa kazi hiyo: malipo madogo, tarehe za mwisho zinazofuatana, na hofu ya kukosa fedha za kulisha nyumba.

Barua kwa Gordon Bottomley

Mtu aliyeandikiwa kwa muda mrefu kuliko rafiki wengine ni Gordon Bottomley, mshairi aliyeishi kaskazini mwa Uingereza. Bottomley alikuwa mgonjwa na hakuweza kusafiri sana, kwa hiyo urafiki wao ulijengwa kwa posta kuanzia mwaka 1902 hadi 1917. Humo Thomas anazungumzia vitabu, bustani, matembezi na nyimbo, kisha ghafla anageukia huzuni nzito iliyomwandama kwa miaka mingi. Mara kadhaa anadokeza hata kutamani kufa.

Msomaji anayetaka tu kujua chimbuko la mashairi anaweza kuziruka barua hizi. Itakuwa hasara, kwa kuwa bila kuzisoma ni vigumu kuelewa mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa kiasi gani.

Barua kwa Robert Frost

Tarehe 6 Oktoba 1913 Thomas alikutana London na Robert Frost, Mmarekani aliyekuwa amehamia Uingereza mwaka uliotangulia na ambaye hakuwa na jina kubwa. Mwaka 1914 Frost alitoa kitabu cha mashairi, North of Boston, na Thomas akakihakiki mara tatu katika magazeti na majarida mbalimbali. Aliona mapema kwamba Frost alikuwa akitunga kwa kufuata sauti ya mazungumzo ya kawaida, bila mapambo ya ushairi wa wakati huo.

Frost naye alisoma nathari ya Thomas, hasa kitabu cha In Pursuit of Spring, akamwambia kwamba sehemu zake ni ushairi tayari; kilichobaki ni kuziandika kwa mishororo. Katika barua ya Mei 1914 Thomas alimuuliza Frost kama angeweza kumfikiria akiingia katika ushairi. Swali lina haya ndani yake, kana kwamba muulizaji yu tayari kuchekwa. Mtu aliyezoea kuwahukumu washairi gazetini alijua vizuri jinsi hukumu hiyo inavyoweza kuuma.

Vita ilipoanza Agosti 1914 kazi za magazeti zilipungua, na Thomas akapata nafasi. Mnamo Novemba aliandika maelezo ya nathari kuhusu baa moja ya shambani. Tarehe 3 Desemba akayageuza kuwa shairi lake la kwanza la utu uzima. Kuanzia hapo hadi Januari 1917 alitunga mashairi zaidi ya 140. Mengi yalisafiri ndani ya bahasha kwenda kwa rafiki zake ili wayasome na kuyasahihisha. Kwa wahariri alitumia jina la Edward Eastaway, kwani hakutaka mashairi yapokelewe kwa sababu ya sifa za mhakiki. Wahariri kadhaa waliyakataa.

Shairi lililofasiriwa vibaya

Frost alirudi Marekani Februari 1915, akifuatana na Merfyn, mwana wa Thomas. Mazungumzo yao yakabaki ya barua tupu. Thomas alikuwa na njia mbili mbele yake: kumfuata rafiki yake Marekani au kujiunga na jeshi. Hakulazimika kwenda vitani, maana alikuwa na miaka 37, mke na watoto, na sheria ya kuwalazimisha wanaume kujiunga na jeshi haikutungwa hadi mwaka 1916.

Katika majira hayo Frost alimtumia shairi ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la The Road Not Taken, yaani njia isiyofuatwa. Kwa maelezo ya Frost, lilikuwa utani. Walipotembea pamoja mashambani, Thomas alikuwa na desturi ya kuchagua njia kisha kujuta kwamba hawakufuata nyingine. Thomas hakuona utani. Alilichukulia kwa uzito, na barua zao za katikati ya 1915 zinaonyesha Frost akijieleza na Thomas akijibu kwamba wasomaji wachache wangeweza kutambua mzaha uliomo bila kuonyeshwa.

Mnamo Julai 1915 Thomas alijiandikisha jeshini. Wapo wanaosema shairi ndilo lililomsukuma. Barua haziungi mkono dai hilo moja kwa moja: tangu mwisho wa 1914 alikuwa akijisumbua kuhusu woga na ushujaa, hasa baada ya mlinzi wa msitu mwenye bunduki kuwatishia yeye na Frost matembezini. Utani wa Frost ulimkuta tayari ana kidonda.

Barua za jeshini

Kwanza alifundisha askari kusoma ramani, kisha akawa luteni usu katika kikosi cha mizinga. Alivuka kwenda Ufaransa mwishoni mwa Januari 1917. Barua zake kwa Helen ni za utulivu kuliko zile za amani: hali ya hewa, ndege, matope, askari wenzake. Aliuawa karibu na Arras Jumatatu ya Pasaka, siku ya kwanza ya mapigano makubwa ya eneo hilo. Kitabu chake, Poems, kilitoka Oktoba mwaka huohuo, akiwa amekitabaruku kwa Frost.

Machapisho

Barua kwa Bottomley zilichapishwa mwaka 1968 chini ya uhariri wa R. George Thomas. Zile za Frost na Thomas zilitolewa pamoja mwaka 2003. Nyingi zilizomo ni za Thomas.

Kabla ya hizo kulikuwa na kitabu cha Eleanor Farjeon cha mwaka 1958 kuhusu miaka minne ya mwisho ya Thomas. Farjeon ndiye aliyepiga taipu mashairi mengi aliyotumiwa na Thomas kwa posta. Alimpenda, lakini hakumtamkia. Kwa ajili ya Pasaka ya 1917 alimpelekea sanduku la matufaa lenye yai la Pasaka lililofichwa ndani. Thomas aliliona, akaandika kumshukuru. Barua tatu ambazo Farjeon alimwandikia baada ya hapo hazikumkuta hai.