Fahamu: Jinsi picha za MRI za nyuzi za ubongo zinavyoongezewa ukali

MRI ya usambaaji hufuatilia mwendo wa molekuli za maji ndani ya ubongo. Maji husogea kwa wepesi zaidi yakifuata nyuzi za neva kuliko yakizikatiza, na kutokana na tofauti hiyo huchorwa ramani ya nyuzi. Kipimo hiki pia hugundua kiharusi mapema.

Kwa nini picha hukosa ukali?

Picha za hospitalini hujengwa kwa vichemraba vya takribani milimita 2. Ukipunguza kila upande kwa nusu, ujazo hubaki 1/8, na ishara hupungua vivyo hivyo. Kuifidia kwa kurudia kipimo tu kungehitaji muda mara 64, na hakuna mgonjwa awezaye kutulia kiasi hicho.

Suluhisho ni nini?

Mradi wa Human Connectome nchini Marekani ulitumia mashine zenye nguvu zaidi na kufikia milimita 1.25. Watafiti wa University College London wakatumia picha hizo kuifundisha kompyuta kukadiria undani unaokosekana katika picha za kawaida.

Tahadhari gani inahitajika?

Kompyuta inaweza kuchora kisichokuwepo, hasa penye uvimbe ambao haijawahi kuuona. Ni lazima ipimwe kwa picha za wagonjwa halisi kabla daktari hajaitegemea kupanga upasuaji.