KATUNI SIO ZA WATOTO TU: UKITAKA KUANZA ANIME, ANZIA HAPA

Kwa wale mnaosoma hapa kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa, sitawamalizia muda wenu, nakwenda moja kwa moja kwenye mada.

Hapa Kilwa Masoko tangu nimalize kidato cha nne watu wananijua kama "yule wa anime". Mtu anakuja na flash yake ananiambia, "Kaka niwekee hizo katuni za Kijapani na mimi nione mnapenda nini." Nikimuuliza anataka ya namna gani anajibu, "Yoyote tu." Sasa hapo kwenye "yoyote tu" ndipo penye tatizo. Mimi mwenyewe limeshanitia aibu ukoo mzima, ndio maana leo naandika.

ILIKUWAJE

Idd el Fitri ya miaka miwili iliyopita tulikuwa kwa bibi, Kilwa Kivinje. Wajukuu wamejaa nyumba, wengine wametoka Lindi mjini. Mama mdogo alikuwa jikoni na pilau, akaniambia, "Hebu wawekee wenzio katuni watulie." Kwenye flash nilikuwa na filamu moja sijaiangalia bado. Picha yake ya mbele ina mvulana na mdogo wake wa kike, na vimulimuli vinawaka. Nikaona hii ndio yenyewe. Inaitwa Grave of the Fireflies. Nikaiwasha, nikatoka zangu barazani kupiga stori.

Jamani, filamu hiyo ni ya mwaka 1988, kaitengeneza Isao Takahata, na ni habari ya vita. Mwaka 1945 ndege za Marekani zinauchoma mji wa Kobe, mama anakufa, wanabaki Seita na mdogo wake Setsuko mwenye miaka minne. Wanakwenda kwa ndugu, wanasimangwa chakula, wanaondoka kwenda kuishi wenyewe kwenye handaki karibu na maji. Setsuko ana kopo lake la pipi. Pipi zinaisha, chakula kinaisha, Setsuko anakufa kwa njaa. Mwisho sio siri, maana filamu yenyewe inaanza kwa kukuonyesha kwamba kaka mtu naye anakufa.

Niliporudi ndani kulikuwa kimya. Wale wakubwa walishakimbilia nje. Amebaki binti wa mama mdogo, wakati huo ana miaka sita, amekaa peke yake mbele ya TV analia bila sauti. Kiingereza hajui hata neno, yale maandishi ya chini hajasoma hata moja. Alielewa kwa macho tu. Siku ile pilau hakula. Pipi zake za Idd alizifunga kwenye pindo la mtandio, hataki mtu aziguse, anasema ni za Setsuko. Usiku akaamka anauliza kwa nini kaka mtu alimchoma moto mdogo wake badala ya kumzika.

Mama mdogo alisema neno moja tu: "Wewe si umesema katuni?" Mjomba ndio akapiga marufuku kabisa, hataki kusikia katuni za Kijapani nyumba ile.

KATUNI SIO UMRI

Kosa langu ni kosa la wengi. Sisi tumezoea katuni maana yake Tom and Jerry, kitu cha kumtuliza mtoto wakati chai inachemka. Kwa Wajapani anime ni muvi kama muvi nyingine, tofauti yake imechorwa. Ndani yake kuna vita, mapenzi, mpira, upelelezi, vichekesho na vitisho. Hata wenyewe wanazigawa: shonen ni za vijana wa kiume, shojo za wasichana, seinen za wanaume watu wazima. Kwa hiyo kusema "niwekee katuni yoyote" ni sawa na kwenda kibanda umiza ukasema "weka muvi yoyote" na huku umeongozana na bibi yako na watoto.

Mfano mzuri ni Attack on Titan, iliyoonyeshwa kuanzia 2013 hadi 2023. Kila kijana anaisifia, na kweli ni kali. Ila kipande cha kwanza tu majitu yanakula watu wazima wazima, na mmojawapo ni mama yake mhusika mkuu. Mtoto wa darasa la pili akiiona halali.

USIANZE NA NDEFU

Kosa la pili ni kuanza na Naruto au One Piece kwa sababu ndizo zenye jina. Naruto ya kwanza (2002 hadi 2007) ina vipande 220, na Naruto Shippuden (2007 hadi 2017) vipande 500. Jumla 720. Kila kimoja kina dakika kama 23, maana yake ni masaa 276. Ukiangalia vitatu kila siku bila kukosa, ni miezi nane. Ukishusha kwa MB 100 kila kipande, ni GB 72. Mwanangu, bando hilo unalitoa wapi?

Na kwa nini zinakuwa ndefu hivyo? Nyingi zinatokana na manga, yaani hadithi za kuchora zinazotoka kidogo kidogo kwenye magazeti. One Piece ya Eiichiro Oda ilianza kwenye gazeti la Weekly Shonen Jump mwaka 1997, anime yake ikaanza 1999. Gazeti linatoka kila wiki, na anime nayo inaonyeshwa kila wiki, lakini kipande kimoja cha TV kinaweza kumeza sura zaidi ya moja ya manga. Matokeo yake anime inakaribia kumfikia mchoraji. Hapo watengenezaji wanavuta muda kwa kubuni visa ambavyo havimo kwenye manga. Mashabiki wanaviita fila. Naruto imejaa fila, na mgeni akifika huko anadhani hadithi imepotea njia, anaacha.

Basi anza na filamu moja ya saa moja na nusu au mbili. Ikikukinai hujapoteza kitu. Na uwe nayo kwenye flash, usitegemee mtandao. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu barabara ya Dar ilikatika Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukasumbua nchi nzima. Hapa Masoko mwenye flash ndie aliyekuwa mfalme.

ORODHA YANGU

Majina nayaandika kama yanavyoandikwa huko, ili ukitafuta uyapate.

1. My Neighbor Totoro (1988). Hii ni ya Hayao Miyazaki, na unaweza kuangalia na mtu yeyote. Ndugu wawili wa kike wanahamia kijijini na baba yao, mama yuko hospitali. Kuna mnyama mkubwa wa msituni, mpole. Hakuna adui wala ngumi. Dakika 86.

2. Spirited Away (2001). Nayo ya Miyazaki, ilipata Oscar mwaka 2003. Msichana Chihiro anaingia na wazazi wake mahali pasipo na watu, wazazi wanakula chakula kisicho chao wanageuka nguruwe. Bibi yangu alipofika hapo alisema "Astaghfirullah", lakini hakuondoka. Chihiro anaajiriwa kwenye nyumba ya kuogea mizimu, na mwenye nyumba anamnyang'anya jina lake. Kuna mzimu wa mto ambao mto wake ulifukiwa ili zijengwe nyumba. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa habari hizo, sisi tumekua tukiambiwa usile cha watu usichokijua na usiingie maji usiyoyajua. Miaka kumi na kuendelea.

3. Your Name (2016) ya Makoto Shinkai. Hii ni ya wale wa mapenzi. Mvulana wa mjini na msichana wa milimani wanaamka wamebadilishana miili. Unacheka nusu ya kwanza, halafu mambo yanageuka. Usisome popote mwisho wake.

4. Captain Tsubasa. Hii ni ya wapenda mpira, ya kwanza ilionyeshwa 1983 hadi 1986, ikarudiwa upya 2018 kwa vipande 52. Watoto wa shangazi walioko Maskati wanaijua vizuri kuliko sisi, kwa Kiarabu inaitwa Captain Majid. Fernando Torres naye amewahi kusema ilimvuta kwenye mpira. Ila uwanja wake hauishi, mtu anakimbia na mpira huku anakumbuka maisha yake yote kabla hajapiga shuti.

5. Death Note (2006 hadi 2007), vipande 37 tu. Mwanafunzi mwenye akili nyingi anaokota daftari, ukiandika jina la mtu humo anakufa. Mpelelezi anamtafuta. Ni ya watu wazima kiakili, maana inakuuliza kama wewe ungeandika nani. Sio ya watoto.

6. Fullmetal Alchemist: Brotherhood (2009 hadi 2010), vipande 64. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao kwa elimu iliyokatazwa, mmoja anapoteza mkono na mguu, mwingine mwili mzima. Ukitaka ndefu yenye mwanzo na mwisho, isiyopotea njia, ni hii.

Ukimaliza hizi na bado una hamu, sasa nenda One Piece, ambayo ilipita kipande cha 1,000 mwaka 2021. Hadithi za maharamia wa baharini kwetu sio ngeni, Mreno alishaingia Kilwa kwa mizinga mwaka 1505.

NA LUGHA JE?

Maandishi ya Kiswahili ni ya kubahatisha. Nyingi utapata sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini, au zilizoingizwa sauti ya Kiingereza. Ukiangalia peke yako chukua ya maandishi. Mimi Kiingereza changu cha kusoma kimenyooka huko zaidi ya darasani, sisemi uongo. Ukiangalia na watu, fanya kama Lufufu alivyofanya kwenye video za Dar, au DJ Afro kule Kenya: kaa mbele uwe mtafsiri. Spirited Away nilimtafsiria bibi yote, sauti ikanikauka, ila alicheka mpaka mwisho.

MWISHO

Mwaka uliofuata, siku ya Idd nilimfuata mjomba nikamwambia, "Shikamoo mjomba, naomba niwawekee watoto filamu moja, nimeiangalia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho." Akanyamaza kidogo, akasema, "Marahaba. Ukae nao hapo hapo."

Nikaweka Totoro. Baadae ndio nikaja kujua kwamba Totoro na ile Grave of the Fireflies zilitolewa Japani pamoja, siku moja, tarehe 16 Aprili 1988, zikaonyeshwa kwa tiketi moja. Kumbe hata wenyewe kuna waliopeleka watoto kumwona Totoro wakakutana na Setsuko.

Binti wa mama mdogo alikaa mlangoni, hataki kusogea. Alipoona mama yuko hospitali akaniuliza, "Kaka, huyu atakufa?" Nikamwambia hafi. "Una uhakika?" Nikamwambia nimeiangalia yote. Ndipo akaja kukaa. Yule mdogo alipopotea akanishika mkono, hakuniachia mpaka alipoonekana.

Kwa hiyo wadau, ukitaka kumwekea mtu, kwanza muulize nani anaangalia na ana muda gani. Na kama ni watoto, iangalie wewe kwanza. Haikuchukui hata saa mbili.

Wenye orodha zao tofauti, hasa wa Lindi na Mtwara, karibuni chini tubishane. Ila matusi hapana.

Nawasilisha.