Sekunde Moja, Boga la Magunia Kumi na Bibi wa Theluji: Rekodi za Sherehe za New England

Kona ya kaskazini-mashariki ya Marekani, walikotia nanga Waingereza wa meli ya Mayflower mwaka 1620, inaitwa New England. Ni majimbo sita: Massachusetts, Rhode Island, Connecticut, New Hampshire, Vermont na Maine. Yaunganishe yote, bado hayafikii ukubwa wa Uganda. Lakini fungua kalenda ya sherehe zao za mwaka, utadhani kila mji umekula kiapo cha kumshinda jirani: nani mkongwe, nani mzito, nani mrefu, nani kajaza watu. Hizi hapa rekodi kumi, zikipimwa kwa vipimo vyetu.

1. Marathoni kongwe kuliko zote za kila mwaka

Boston, Jumatatu ya tatu ya Aprili. Ilianza tarehe 19 Aprili 1897 ikiwa na wakimbiaji 15: abiria wa matatu moja na konda wao. Mshindi, John J. McDermott, alitumia saa 2:55:10, na njia yenyewe wakati ule haikufika hata kilomita 40. Ilipotimia mara ya mia, mwaka 1996, waliojiandikisha walikuwa 38,708. Wapeleke Uwanja wa Nyayo, wenye nafasi 30,000, na zaidi ya elfu nane watabaki nje ya geti.

Mkongwe wa watu ni John A. Kelley. Alianza mbio hizi mara 61, akamaliza mara 58, akashinda mara mbili, 1935 na 1945. Alipoanza kwa mara ya mwisho, mwaka 1992, alikuwa na miaka 84. Themanini na minne!

2. Pengo dogo kuliko yote

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ni yetu. Aprili 1988, baada ya kilomita 42, barabara ya Boylston ilibaki na wanaume wawili wa Afrika Mashariki. Juma Ikangaa, mwanajeshi wa Tanzania, ambaye kawaida yake ilikuwa kuongoza na kuwachosha wenzake mapema. Na Ibrahim Hussein wa Kenya, mtoto wa Nandi, aliyemfuata kisigino kwa kisigino. Hussein alimpita mwishoni kabisa, utepe ukiwa tayari unaonekana. Saa 2:08:43 kwa 2:08:44. Kwa mwendo ule sekunde moja ni mita tano na nusu, yaani urefu wa daladala ya Hiace na hatua moja juu yake. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa alirudi 1989, akawa wa pili. Akarudi 1990, akawa wa pili tena. Mara tatu mfululizo kwenye mbio ngumu kama zile! Namheshimu kwa hilo kuliko ninavyowaheshimu wengi kwa ushindi wao.

Pengo la 1988 lilikuja kufutwa mwaka 2000: Elijah Lagat wa Kenya na Gezahegne Abera wa Ethiopia waliandikiwa muda uleule, 2:09:47, na kombe likaenda Kenya. Moses Tanui, Mkenya mwingine, alikuwa sekunde tatu nyuma yao.

Na kwa kasi? Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alimaliza kwa 2:03:02. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi ile popote duniani. Alikuwa sekunde 57 mbele ya rekodi rasmi ya Haile Gebrselassie. Haikuidhinishwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston inatoka Hopkinton kwenda upande mmoja tu, tena inateremka karibu mita 140. Sawa, sheria ni sheria. Lakini jaribu kukimbia mita 100 kwa sekunde 17 na nusu kwenye uwanja wa shule ya kijijini kwenu, kisha rudia mara 421 bila kupumzika.

3. Sherehe kongwe ya uhuru

Bristol, Rhode Island, mji wa watu wapatao 22,000, umesherehekea Julai 4 tangu 1785 bila kukatiza, na hakuna mji mwingine Marekani unaoufikia. Mwaka huo nchi yenyewe haikuwa na rais. George Washington aliapishwa 1789. Upande wetu, Wamazrui walikuwa wanatawala Mombasa, na Seyyid Said alikuwa hajazaliwa. Tanganyika ilipopandisha bendera yake Desemba 1961, Bristol walikuwa na miaka 176 ya sherehe nyuma yao. Hata mstari wa katikati ya barabara ya Hope Street haukupakwa rangi ya njano kama kwingine. Umepakwa nyekundu, nyeupe na buluu, na unabaki hivyo mwaka mzima.

Kwa umati wa siku hiyohiyo, taji linakwenda Boston. Julai 4, 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200, Arthur Fiedler aliongoza okestra ya Boston Pops kando ya mto Charles mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 400,000. Ni Uwanja wa Benjamin Mkapa uliofurika, mara sita na zaidi ya nusu.

4. Kikosi kidogo kuliko vyote

Kabla ya Boston kukimbia, mji jirani wa Lexington huamka. Gizani, Aprili, baridi ikiuma, watu hubeba ngazi za kusimamia ili waone uwanja wa kijani ambapo vita vya uhuru vilianza tarehe 19 Aprili 1775. Waigizaji wenye bunduki za zamani hurudia asubuhi ile ya wanamgambo 77 wa Kapteni John Parker mbele ya askari wapatao 700 wa Uingereza. Kwa hesabu ya stendi: matatu tano na nusu dhidi ya matatu hamsini. Wanamgambo wanane walikufa pale. Moshi wa baruti ukipungua, watazamaji huelekea makanisani kula chapati za maji, na jua ndiyo kwanza linapanda.

5. Boga zito

Maonyesho ya Topsfield, Massachusetts, yalianza 1818, na kila mwaka huanza na mizani ya maboga. Usifikirie lile boga la kupika na nazi. Mkulima wa maboga haya huchavusha ua kwa mkono wake mwenyewe, huacha tunda moja tu kwenye mmea na kung'oa mengine yote, hulifunika blanketi usiku wa baridi, na likishika kasi linaweza kuongeza zaidi ya kilo 15 kwa siku moja. Asubuhi ya leo na asubuhi ya kesho, mtoto wa miaka mitatu mzima ameongezeka ndani ya boga! Likikua sana haliwezi tena kuwa duara. Hujilaza chini, likabonyea upande mmoja kama gunia la mpunga lililolowa.

Tarehe 28 Septemba 2012, Ron Wallace wa Rhode Island alileta Topsfield boga la pauni 2,009. Ni kilo 911, la kwanza duniani kuvuka pauni 2,000. Chukua magunia kumi ya mahindi ya kilo 90, yapange kwenye mizani: boga linashinda, na bado linadai kilo 11. Baadaye wakulima wengine duniani wamevuka kilo 1,200, lakini mlango ulifunguliwa pale.

Mwana wa Rhode Island mwingine, Joe Jutras, ana heshima ambayo mimi naiweka juu zaidi. Mwaka 2006 alishika rekodi ya dunia ya mumunye mrefu, mita 3.21. Mwaka 2007 akashika ya boga zito, hapohapo Topsfield, kwa kilo 766. Miaka kumi baadaye akachukua na ya boga la kijani, kilo 960. Mtu wa kwanza kushika zote tatu! Rhode Island ndilo jimbo dogo kuliko yote 50 ya Marekani, na unalivuka kwa gari kabla kanda moja ya taarabu haijaisha.

6. Maboga mengi kuliko watu

Keene, New Hampshire, ina wakazi wapatao 23,000. Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2013 ilikuwa na maboga 30,581 yaliyochongwa sura na kuwashwa taa ndani, yamepangwa barabarani na juu ya minara ya vyuma. Lilikuwa boga moja na theluthi kwa kila mkazi, mtoto mchanga akihesabiwa. Rekodi hiyo ilikuwa imewahi kuwa yao, Boston wakawanyang'anya mwaka 2006 kwa maboga 30,128, nao Keene wakahesabu kwa miaka saba hadi wakairudisha.

7. Umati mkubwa

The Big E ni Nanenane ya majimbo yote sita kwa pamoja, siku 17 kila Septemba mjini West Springfield, Massachusetts. Ng'ombe, farasi, bembea, vyakula vya kukaangwa. Mwaka 2019 waliingia zaidi ya watu milioni 1.6. Sensa ya Kenya ya mwaka huohuo ilihesabu kaunti nzima ya Mombasa ikapata 1,208,333. Ndani ya uwanja kila jimbo lina jengo lake, nakala ya bunge lake la zamani, na kiwanja chini yake ni mali ya jimbo hilo. Unakula kiazi cha Maine ukiwa umesimama kwenye ardhi ya Maine, hatua chache unanunua jibini ya Vermont kwenye ardhi ya Vermont.

8. Bibi wa theluji

Bethel, Maine: mji mdogo, wakazi kama 2,500. Majira ya baridi ya 2008 walijenga mwanamke wa theluji wa mita 37.21. Ghorofa kumi na mbili! Wakamwita Olympia, kwa heshima ya seneta wao Olympia Snowe. Mtazame usoni: kope zake ni mbao za kutelezea kwenye theluji, midomo ni matairi ya gari yaliyopakwa rangi nyekundu, na mikono yake ni miti miwili mizima ya msonobari, kila mmoja zaidi ya mita nane. Theluji yenyewe ilikuwa na uzito wa karibu tani 5,900, mzigo wa malori 197 ya tani 30, yakipanga foleni kwenye mizani ya barabarani. Aliyeshindwa naye alikuwa Angus, wa mita 34.62, na Angus alijengwa 1999 na nani? Bethel haohao. Taji lilikaa kwao hadi Austria ilipolichukua 2020.

9. Kilima kimoja tu, na upepo wake

Kila Juni wakimbiaji hupanda barabara ya Mount Washington, New Hampshire. Kilomita 12.2, mwinuko wa mita 1,400 na ushei, sawa na majengo ya KICC kumi na matatu yaliyobebana. Jonathan Wyatt wa New Zealand aliumaliza kwa dakika 56 na sekunde 41 mwaka 2004. Kilele kina mita 1,917 tu. Anayepanda Kilimanjaro kwa Geti la Marangu anaanzia karibu na kimo hicho. Lakini tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa pale juu walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya treni ya SGR ya Dar es Salaam–Dodoma. Rekodi ya dunia ilikaa kwao miaka 62.

10. Mji uliozidiwa na wageni wake

Salem, Massachusetts, watu 44,000. Mwaka 1692 mahakama ya hapa iliwanyonga watu 19 wasio na hatia kwa tuhuma za uchawi, na makumbusho yao yanastahili mtu kunyamaza. Tangu 1982 mji huu una sherehe za Oktoba nzima, na Oktoba 2022 wageni walivuka milioni moja. Wageni 22 kwa kila mwenyeji. Msambazie kila mtu wa Mji Mkongwe wageni 22 nyumbani kwake uone.

Sisi tuliijua Salem kabla ya wageni hao. Richard Waters, mtu wa hapa, ndiye aliyekuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, kuanzia 1837. Meli za Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba ambacho hadi leo tunakiita merikani, zikarudi na pembe na sandarusi. Gati la Derby Wharf, refu kuliko yote ya bandari ile, bado limenyooka baharini.