Kituo cha gari la moshi cha Kamanyola

Mto Ruzizi hutoka katika ziwa Kivu, hushuka milimani, hupita katika bonde pana, kisha huingia ziwa Tanganyika. Kamanyola ni mahali ambapo milima inakoma na bonde linaanza. Zamani palikuwa na kituo cha gari la moshi.

Mwaka 1931 njia ya reli ilifunguliwa kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, mpaka Kamanyola. Urefu wake ulikuwa kilometa 94. Shabaha yake ilikuwa kufika Bukavu. Lakini ziwa Kivu liko juu kuliko ziwa Tanganyika kwa meta 700 hivi. Kamyo huweza kupanda mlima mkali. Gari la moshi haliwezi, kwa maana magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya reli za chuma. Ili lipande, lazima mlima ukatwe na njia iinuliwe polepole. Kazi hiyo hutaka fedha nyingi. Basi reli ikaishia Kamanyola.

Fikiri juu ya mzigo mmoja uliotoka Kalemie kwenda Bukavu. Ulipakiwa katika meli, ukapita ziwani. Kalundu ukashushwa, ukapakiwa katika behewa. Kamanyola ukashushwa tena, ukapakiwa katika kamyo, ukapanda mlima. Kila kupakia na kushusha kulitaka mikono ya watu, mishahara na siku za kungoja. Wachukuzi walipata kazi. Mwenye mali alipata gharama.

Kamyo zilipokuwa nyingi na imara, wenye mali wakaona jambo jepesi: kamyo inayoweza kupanda mlima yaweza kupita bondeni pia. Ikipakiwa Kalundu, hufika Bukavu bila kushusha mzigo njiani. Mwaka 1958 gari la moshi likakoma, baada ya miaka 27.

Reli haikushindwa bondeni. Ilishindwa kwa sababu haikufika mwisho wa safari. Mlima ulioipa Kamanyola kituo chake, ndio huo huo uliokifunga. Lakini mji haukufa: barabara ya Uvira na Bukavu ingali inapita hapo, na kamyo zingali zinapanda.

Maswali
1. Kwa nini reli haikufika Bukavu?
2. Mzigo ulipakiwa mara ngapi kutoka Kalemie mpaka Bukavu?
3. Nani alipata faida kituo kilipokuwako? Nani alipata faida kilipofungwa?