Kamina ni bara la bandari gani?

Katika uchumi wa bandari, "bara" la bandari ni nchi yote ya ndani ambayo mizigo yake hupitia hapo. Kamina iko mbali na kila bahari, lakini reli zake zinaelekea bandari kadhaa, na hapa tutazame tatu.

Kwenda Matadi, mzigo husafiri kwa treni hadi Ilebo, kwa mashua katika mito ya Kasai na Kongo hadi Kinshasa, kisha kwa treni tena, maana maporomoko chini ya Kinshasa yanazuia meli. Kwenda Dar es Salaam, ni treni hadi Kalemie kupitia Kabalo, meli hadi Kigoma, halafu treni. Kwenda Lobito, Angola, ni reli moja kwa moja, kupitia Tenke na Dilolo.

Tusihesabu kilometa tu. Tuhesabu pia gunia linahamishwa mara ngapi kati ya treni na chombo cha majini: njia ya Matadi mara mbili, ya Dar es Salaam mara mbili, ya Lobito hata mara moja. Kila kuhamisha kuna ujira, siku za kungoja na hasara, na yote huongezwa katika bei ya sokoni.

Hata hivyo wepesi wa njia hautoshi. Reli ya Lobito iliunganishwa na ya Kongo mwaka 1931, lakini vita vya Angola viliikata kuanzia 1975, kwa miaka mingi. Mizigo ikahamia njia nyingine.

Basi bara la bandari halina mpaka wa kudumu: hupanuka na kupungua kufuata reli, amani na siasa. Anayeuliza kwa nini bidhaa ya ng'ambo ni ghali Kamina, aanze kwa kuuliza imepita njia gani.