Ulezi wa Programu Yatima

Programu huria ni zile ambazo waandishi wake wamempa kila mtu ruhusa ya kuzisoma, kuzinakili, kuzigeuza na kuzigawa. Kwa hiyo ingedhaniwa kwamba mwandishi akichoka au akifa hapana hasara, maana yeyote aweza kuiendeleza kazi yake. Walakini ruhusa hiyo haigusi jina la programu, wala ufunguo wa ghala ambamo kompyuta za watu huchukua matoleo mapya. Anayenakili huanza na jina geni, wala hana anayemjua. Anayekabidhiwa ufunguo huwarithi watumiaji wote siku ile ile, nao aghalabu hawana habari kwamba mlezi amebadilika.

Jumuiya ya Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, hukusanya maelfu ya programu huria katika mfumo mmoja wa kompyuta, kila moja katika kifurushi chake. Mtunzaji aliyeshindwa hutangaza kwamba kifurushi chake ni yatima, na anayetaka kukilea huandika nia yake mahali panapoonekana na wote. Kigumu zaidi ni kifurushi ambacho mtunzaji wake hakutangaza neno, ila amenyamaza tu, na makosa yanaripotiwa bila kurekebishwa. Hicho si yatima, kwa kuwa mwenyewe yupo. Wala hakina mlezi. Kwa ajili ya hali hiyo uliwekwa utaratibu wa uokozi mwaka 2018: mwenye nia hujitangaza, hungoja siku 21, na pasipo pingamizi hupeleka toleo lake, ambalo nalo huzuiliwa siku 7 zaidi. Mtunzaji wa zamani akikataa, shauri husimama. Huenda wenye haraka wakauona muda huo kuwa mrefu. Lakini ndio unaompa nafasi aliye mgonjwa au safarini kuitetea amana yake.

Hata hivyo desturi hiyo yahusu vifurushi vya Debian tu, si makabidhiano kwa waandishi wenyewe. Hapo ndipo palipoingiliwa XZ Utils, programu ya kubana mafaili ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, bila mshahara. Mwaka 2021 akatokea aliyejiita Jia Tan, akaleta marekebisho yaliyofaa. Mwaka uliofuata majina yasiyojulikana yalianza kumlaumu mtunzaji kwa kukawia, yakitaka apatikane mwingine. Naye alikuwa amekwisha kulemewa. Polepole mgeni akapewa mamlaka. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, yenye mlango wa siri wa kumwezesha mwenye ufunguo wake kuziamuru kompyuta za watu kutoka mbali.

Kilichouficha mlango huo ni sifa njema ya miaka miwili na zaidi, wala si ufundi peke yake. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akipima mwendo wa programu nyingine kabisa, akaona kwamba kuingia katika kompyuta kwa SSH kunachelewa kiasi cha nusu sekunde. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajafika katika toleo imara la Debian. Mtunzaji wa kwanza aliutwaa tena mzigo wake, akaikagua kazi yote ya mgeni, na mwezi Mei akatoa toleo 5.6.2.