Shanga za Isinya na Ardhi Iliyokatwa Ploti

Mwaka 1997, wasanii wenyeji wa jangwa la Great Sandy, huku Australia ninakoishi, walichora turubai la mita 8 kwa 10 liitwalo Ngurrara. Kila mmoja alionyesha visima vya kwao, kisha wakalipeleka mbele ya baraza la madai ya ardhi liwe ushahidi. Miaka 10 baadaye haki yao ikatambuliwa.

Je, Kenya tuna sanaa ya namna hiyo? Kwangu iliyo karibu zaidi ni shanga za akina mama wa Kimaasai wa Isinya.

Watalii huambiwa nyekundu ni damu, nyeupe maziwa, kijani majani. Si uongo, lakini ni somo la dukani. Kilicho kizito zaidi ni mpangilio. Wamaasai wamegawanyika kwa olosho, yaani sehemu za kabila, na kila olosho ilikuwa na malisho yake na namna yake ya kupanga rangi: Ilkaputiei wa Isinya na Kitengela, Ilkisongo wa upande wa Amboseli, Iloodokilani wa upande wa Magadi. Mjuzi akitazama mkufu, anajua mvaaji ametoka nchi ipi. Na hizo shanga zenyewe ni kioo cha Ulaya, kilichoingia bara kwa misafara ya Zanzibar na pwani. Ugeni wa mali haukuzizuia kueleza mtu katoka wapi.

Ardhi ndiyo iliyoyumba. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, kisha Laikipia. Walishtaki, na mwaka 1913 wakaambiwa mikataba ile ni ya mataifa mawili, mahakama haina mamlaka nayo. Sheria ya 1968 ikaleta ranchi za vikundi, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikagawanywa, kila mwanachama na hatimiliki yake. Zikafuata ploti, nyua, mashamba ya maua, na nyumba zilizoziba njia ya nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kwenda nyanda za Kaputiei.

Sasa mama aliyebaki na ekari chache hutunga shanga za kulipia karo, na mnunuzi hutaka rangi za bendera. Mpangilio wa olosho unafifia kwa sababu hakuna anayeuulizia. Kwa hiyo ukishuka Isinya kwenye barabara ya Namanga, nunua kwa mama aliyetunga kwa mkono wake, usimkazie bei, na umwombe akuonyeshe ule mpangilio wa Ilkaputiei.